Mafuta ya Kondoo

"Ni mimi nilimharibu," Njambi alimwambia yule msichana wa mashine, kabla sijafungua mdomo.

Tulikuwa tumeketi kwenye viti vya plastiki katika ukumbi wa kanisa hapa Ruiru, wanawake wawili wenye mvi, kila mmoja na kikaratasi cha nambari mkononi, tukingoja kupimwa masikio bila malipo. Tangazo lilisomwa kanisani Jumapili mbili mfululizo, na bila shaka waliolengwa hawakulisikia. Mimi niliambiwa na jirani yangu wa Kimbo, nikamwandikia Njambi ujumbe kule Thika, maana sisi wawili tuliacha kupigiana simu zamani. Ni kazi bure. Msichana alikuwa ameangaza kurunzi yake ndogo ndani ya sikio langu la kushoto, akakawia kidogo, kisha akanigeukia uso ili nimwone vizuri. Nilimpenda kwa hilo. "Shosho, hii sikio ilianza kusumbua lini? Kuna kitu iliingia?" Hapo ndipo Njambi alipojibu, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyejisikia, hadi foleni nzima ikageuka. "Nilimwekea mafuta moto ndani. Tulikuwa wasichana. Mafuta ya kondoo." Msichana akaandika kitu kwenye fomu. Nami nikanyamaza, kama nilivyonyamaza kwa zaidi ya miaka arobaini. Sina kisingizio. Swali niliulizwa mimi, na mdomo nilikuwa nao.

Mwaka ambao Njambi alikuwa akiuzungumzia ni ule nilioingia kiwanda cha nguo pale Thika, nikiwa na miaka kumi na tisa. Chumba tulichopanga kilikuwa cha mwisho katika ploti ya mabati, karibu na mfereji wa maji, kiasi kwamba kila aliyekuja kuchota alituletea habari tupende tusipende. Kitanda kilikuwa kimoja, cha futi nne. Jiko la makaa lilikaa nje mlangoni, na katikati ya chumba ilipita kamba tuliyotundikia shuka mmoja wetu alipokuwa akioga kwenye karai. Mimi nilitoka upande wa Ukambani, yeye kwao ni Gatundu, na hatukujuana hadi siku ile tulipoandikwa kazi pamoja na kukuta kwamba sote tunatafuta mtu wa kugawana naye kodi. Jumamosi nilipika muthokoi, Jumapili akapika githeri, mahindi na maganda yake pamoja na maharagwe, na juma lote tulibishana juu ya sufuria hizo mbili. "Mahindi yaliwakosea nini ndio mnayatoa ngozi?" aliniuliza kila mara nilipoanza kuosha muthokoi wangu. Nami nilimwambia kwamba kwetu tunapika chakula cha watu, maganda tunawaachia kuku. Alicheka kwa mabega, hivyo hata usipomsikia ungejua anacheka. Nilikuja kugundua baadaye kwamba nilianza kumpenda kwa sababu hiyo. Mwili wake wote ulisema.

Sikio langu la kushoto lilikuwa likitoa usaha tangu nikiwa mtoto. Kila nikipata mafua lilianza, likatiririka wiki mbili tatu, likakauka, nasi tukalisahau hadi mafua mengine. Shuleni mwalimu mmoja alinidhani mkaidi, mwingine mjinga, na mimi mwenyewe nilidhani kila mtu husikia hivyo, kwa vipande, na vilivyobaki unavisoma usoni. Kilichonisumbua si kusikia, kilikuwa harufu. Nilijifunza kukaa mwisho wa benchi, nikajifunza kufunga kitambaa cha kichwa kikashuka hadi chini ya sikio, nikajifunza kulala kwa upande wa kushoto ili usaha utoke na usirudi. Njambi aligundua wiki ya kwanza. Alikata shuka lake kuukuu vipande vya mraba, akaviweka kando ya mto wangu, na kila Jumamosi alivifua pamoja na nguo zake. Sikuwahi kumwomba.

Ukumbi wa kufuma ulikuwa na mashine nyingi kuliko nilivyoweza kuhesabu kwa kusimama mahali pamoja, na zote ziligonga kwa wakati mmoja. Siku ya kwanza Njambi alitoka nje saa nne ya chai akatapika kwa ajili ya ile kelele. Humo ndani hakuna aliyetumia sauti. Wafumaji wa zamani walisema kwa mdomo mtupu, wakifungua midomo polepole na kunyoosha uso mzima, na yale ya haraka waliyasema kwa mikono: vidole viwili vikitenganishwa, uzi umekatika, kiganja begani, msimamizi anakuja, kiganja tumboni, twende chai. Wageni ilikuwa ikiwachukua miezi kuyashika. Mimi yalinichukua siku nne, maana nilikuwa nikisoma midomo ya watu tangu darasa la kwanza bila kujua kwamba hiyo ni kazi. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa mahali ambapo hakuna mtu aliyesikia zaidi yangu. Nilisimama katikati ya ngurumo ile nikajihisi nimefika nyumbani, nikamfundisha Njambi tukiwa kwenye kitanda chetu, taa ya koroboi ikiwa katikati yetu, yeye akisoma midomo yangu na kukosea na kucheka. Nilikuwa na kiburi kidogo, nakiri. Msimamizi aliwaambia wageni wengine wajifunze kutoka kwangu, na Njambi aliporudia sifa hizo mbele ya watu mferejini nilijifanya sijasikia ili azirudie tena.

Sasa nije kwenye pamba. Chini ya mashine mabaki ya nyuzi yalilundikana kama manyoya ya kuku siku ya Krismasi, na wafumaji wote walikuwa na tabia ya kuokota donge dogo, kulisokota kwa vidole na kuziba masikio ili kupunguza kelele. Hakuna aliyewafundisha vingine. Kwangu pamba ile ilikuwa zawadi. Nikiziba sikio la kushoto, usaha haukutiririka, harufu haikutoka, na hakuna aliyeniuliza kwa nini nimeziba kwa sababu kila mtu alikuwa ameziba. Wenzangu walitoa pamba zao kengele ya kutoka ilipolia. Mimi niliondoka nayo, nikalala nayo, na asubuhi nilipokuwa na haraka nilisokota donge jipya juu ya lile la jana. Mwezi ule tulikuwa tukifuma kitambaa cha sare za shule, cha kijani. Kwa wiki kadhaa sikio lilikuwa kavu kama la mtu yeyote. Njambi aliona vitambaa vyake vya mraba haviguswi, akaniambia nimepona, nami nikaitikia. Nilinunua hereni. Mwaka ule wote sina picha nyingine yangu ninayoipenda kama ile tuliyopiga studio pale mjini, kitambaa cha kichwa kimevuliwa, hereni zinaonekana.

Kisha maumivu yakaanza, si ya kawaida, yalikuwa nyuma ya sikio, mfupani. Nilikuwa nikitembea nikiegemea ukuta. Jumapili moja baada ya kanisa sikuweza kula, na hilo lilimtisha Njambi kuliko homa yenyewe, kwa kuwa siku hiyo githeri ilikuwa na nyama. Akatoa chini ya kitanda chupa ndogo iliyozibwa kwa kigunzi, mafuta ya kondoo aliyopewa na nyanya yake, cucu, kwa ajili ya kifua na mifupa na kila ugonjwa unaojulikana Gatundu. Akayayeyusha kwenye kijiko juu ya jiko. "Lala hivi," akaniambia, akanigeuza. "Cucu alituwekea sisi wote. Hata baba." Alijaribu tone moja mkononi mwake, nilimwona, akaona ni sawa. Lakini mkono wa mtu mzima si ndani ya sikio bovu. Nilipiga kelele hadi Mama Shiro, jirani yetu wa ukuta, akaingia na mwiko mkononi. Njambi alikuwa amesimama na kijiko, na uso wake ninauona sasa hivi ninapoandika, mdomo wazi, kama mtu aliyeangusha mtoto.

Hospitalini nilipelekwa na wao wawili. Njambi aliambiwa angoje nje kwenye benchi. Daktari alikuwa mzee mwenye mikono mikavu, asiye na haraka, na aliniambia nitulie kama niko kanisani. Akaingiza kibanio chembamba ndani ya sikio, akavuta. Alivuta polepole kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani sikio lina urefu. Akaweka kwenye kisahani cha chuma donge la pamba ya kijani, bichi, lenye harufu ambayo hata yeye ilimfanya ageuze uso. Akavuta jingine. Yalitoka matatu. Mwishoni akaingia na taa, akaangalia, akaketi mbele yangu ili nimwone. Aliniambia ngoma ya sikio ilitoboka nilipokuwa mtoto, kwamba ugonjwa ulikuwa ukila mfupa kidogo kidogo miaka yote, na kwamba kwa kuziba nilikuwa nimeufungia ndani ule usaha uliokuwa ukitafuta njia ya kutoka. "Hili halitasikia tena," alisema. "Tutunze lile lingine." Nikamuuliza juu ya mafuta. Akatikisa kichwa. Mafuta hayafai kuwekwa, akasema, lakini si yaliyokuharibu, yalikuta kazi imekwisha. Akasukuma kisahani kwangu kidogo nione vizuri. "Ni hii," akasema.

Nilitoka. Njambi akasimama kwenye benchi, macho yamevimba, na kwa sababu watu walikuwa wengi akaniuliza kwa mdomo mtupu kama tulivyozoea: amesema nini? Nikamjibu kwamba amesema limekufa. Hilo lilikuwa kweli. Njambi akakaa tena, akafunika uso, na mabega yale ya kuchekea yakatikisika. "Ni ile mafuta," akasema. Mama Shiro akamshika. Nilikuwa nimesimama mbele yao, na maneno yalikuwa tayari kabisa, mafupi, mtoto angeweza kuyasema: si mafuta, ni pamba yangu. Nikaona aibu. Si aibu ya sikio, ile nilikuwa nimeizoea. Niliona aibu ya kile kisahani. Nikajiambia nitamwambia tukifika nyumbani, na tulipofika alikuwa amenitandikia kitanda na kuniwekea mto wake juu ya wangu, nikajiambia kesho.

Tangu siku hiyo Njambi alihamia upande wangu wa kulia. Barabarani, mezani, kanisani, kitandani, alikuwa kulia kwangu. Mchungaji akihubiri, yeye alinigeukia na kunirudishia mahubiri kwa midomo, akiacha yale aliyoona ni marefu. Sokoni alinisikilizia bei na kuzipinga kabla hazijanifikia. Dawa ya matone aliniwekea yeye, kwa zamu zake, kwanza akiipasha joto kwenye kiganja na kujaribu tone kwenye kope la jicho lake mwenyewe, mahali laini kuliko pote alipoweza kufikiria. Sitasema uongo kwamba iliniuma kumwona akifanya hivyo. Ilikuwa tamu. Hakuna mtu aliyewahi kunitunza namna ile, na nilihofia kwamba nikimwambia ukweli atakuwa rafiki wa kawaida tena, wa kugawana kodi. Huo ndio ubaya wenyewe, na nimeuzungusha kichwani miaka mingi nikitafuta jina zuri zaidi la kuupa, sijalipata.

Halafu ikaja barua. Shangazi yake wa Nairobi alikuwa amempatia nafasi katika chuo cha kujifunza kupiga taipu, pamoja na mahali pa kulala. Njambi aliniambia kuna barua, hakuniambia ni ya nini. Niliyajua mengine alasiri moja ya siku ya mapumziko, nikiwa nimelala ubavu wa kushoto kama kawaida yangu, na kwa hiyo sikio zima likiwa juu. Yeye na Mama Shiro walikuwa wakichambua maharagwe nje mlangoni, wakidhani nimeshikwa na usingizi. "Enda, mami," Mama Shiro alikuwa akimwambia. "Hapo utakaa kwa kiti, utavaa viatu safi. Hapa hiyo mashine itakumaliza." Nikasikia maharagwe ya Njambi yakidondoka kwenye ungo. "Nitaenda aje? Nani atamsikilizia? Mimi ndiye nilimfanya hivyo." Mama Shiro akasema nafasi kama hiyo hairudi. "Basi isirudi," akasema Njambi. Mwaka mzima nilikuwa nimesikia maneno kwa vipande, na siku hiyo sikukosa hata moja. Ningeinuka. Mlango ulikuwa hatua tatu. Nilivuta blanketi, nikafumba macho, na jioni nilipoamka nilimwambia githeri yake ina chumvi nyingi.

Hiyo ndiyo hadithi yote ya mwaka ule. Yaliyofuata yanasemeka upesi. Mimi niliondoka kiwandani mapema kuliko yeye, kwa kuwa niliolewa Ruiru na kufungua kibanda cha ushonaji Kimbo, kazi ya kimya, mteja akiwa mbele yangu usoni. Njambi, aliyebaki kwa ajili yangu, alibaki baada yangu. Alifuma hadi ukumbi ulipofungwa, na miaka yote hiyo hakuna aliyempa cha kuziba masikio zaidi ya donge la pamba. Yangu yaliharibiwa na usaha na kiburi, yake yaliharibiwa na ngurumo, kidogo kidogo, hadi wajukuu wakaanza kumpigia kelele. Tulipotembeleana alinikalia kulia. Harusini kwa binti yangu alimwondoa mtu kwenye kiti ili akae kulia kwangu, na sisi sote wawili hatukusikia viapo.

Baada ya kupimwa siku ile tulikuja kwangu Kimbo, tukiwa na karatasi zetu zenye mistari inayoteremka. Yangu ya kushoto haikuwa hata na mstari. Nilimweka Njambi kwenye kochi, nikavuta kigoda nikaketi mbele yake, magoti yakigusana, akaniangalia kwa mshangao maana si mahali pake wala pangu. Kwa sauti nisingeweza. Nilimwambia kwa mdomo mtupu, kama kwenye ukumbi, nikinyoosha uso mzima ili asikose kitu. Nilimwambia kwamba hayakuwa mafuta. Nilimwambia juu ya pamba, madonge matatu, ya kijani. Nilimwambia daktari alisema nini, kisha nikamwambia juu ya maharagwe na barua. Alikuwa akisoma midomo yangu, na yake ilikuwa ikifuata polepole, kama alivyokuwa akifanya kitandani kwetu Thika alipokuwa akijifunza.

"Alikuambia lini?" akauliza.

"Siku ile ile."

"Nikiwa pale kwa benchi?"

"Ukiwa pale kwa benchi."

Hakulia. Aliniangalia kwa muda, si kwa hasira, zaidi kama mtu anayetafuta mahali alipoweka kitu. Kisha akainuka, akaenda jikoni kwangu, na nikahisi kwenye sakafu jinsi alivyokuwa akiweka sufuria chini. Nilibaki kwenye kigoda. Niliogopa kama sijawahi kuogopa, kwamba atachukua mkoba wake aende Thika na nisimwone tena hadi mmoja wetu azikwe, na niliona kwamba akifanya hivyo atakuwa na haki. Alichukua muda mrefu. Alirudi na vikombe viwili vya chai, akaniashiria nitoke kwenye kigoda nikae kwenye kochi, nikakaa mahali pangu pa siku zote, nikimwachia nafasi upande wa kulia.

Akaizunguka meza, akaketi kushoto.

Tukanywa. Baadaye akaanza kusema, akiangalia mlango ulio mbele yetu na si mimi. Nilijua anasema kwa sababu kochi lilitetemeka kidogo na mkono wake wenye kikombe ulikuwa ukipanda na kushuka. Alisema kwa muda mrefu, pengine yote ya miaka arobaini, pengine zaidi. Ningeweza kugeuza kichwa nikasoma. Sikugeuza. Niliangalia mlango pamoja naye hadi mkono wake ulipotulia.

Ndipo akanigeukia uso.

"Umesikia?" akauliza.

"Sijasikia," nikasema.

"Sawa," akasema Njambi, akaninyooshea kikombe chake nimwongezee chai.